Presha ndogo, mbio ndefu: jibu kwa fundi wa Tabora anayeandaa gari la turbo

Swali limetoka kwa msomaji mwenye gereji Tabora mjini: "Naandaa Subaru Impreza ya turbo, injini EJ20, kwa mashindano ya masafa marefu. Nimepandisha presha ya turbo kutoka baa 0.9 hadi 1.3. Dakika kumi za kwanza gari linatoka vizuri sana. Ikifika nusu saa linakuwa zito, linagonga, na pistoni ya silinda ya nne imeshavunjika kwenye mitaro ya ringi. Nimesoma kwamba Porsche 935 ya miaka ya 1970 ilitoa farasi karibu 600 kwenye injini isiyofika lita 3 na ikamaliza mbio za saa 24. Waliwezaje, na mimi naweza kuiga nini?"

Fundi, pole kwa pistoni. Dalili zote ulizotaja zinaelekeza sehemu moja: joto linaingia kwenye injini yako kwa kasi kuliko linavyotoka. Dakika kumi za mwanzo vyuma bado vinalipokea, ndiyo maana gari linachomoka. Nusu saa ikifika, intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo), hedi, oili na rejeta vimeshajaa joto, na hapo ndipo injini inapoonyesha uwezo wake wa kweli. Kwenye mbio ndefu ni uwezo huo wa nusu saa na kuendelea unaohesabiwa. Watu wa Porsche, Norbert Singer upande wa gari, Hans Mezger na Valentin Schäffer upande wa injini, walitumia sehemu kubwa ya kazi yao kutafuta namna ya kulitoa joto. Farasi walifuata baadaye.

Tuanze na hesabu ya gari lako, maana ukiiona hutahitaji kushawishiwa. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo presha ya hewa ya kawaida hapo ni kama baa 0.88, wakati Dar es Salaam ni kama 1.01. Ukiweka presha ya turbo 0.9, turbo inaikandamiza hewa mara 2.02. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 30, na turbo ikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 70, hewa inatoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi 127 hivi. Intakula nzuri yenye upepo wa kutosha inaishusha hadi karibu 59.

Sasa weka 1.3. Ukandamizaji unakuwa mara 2.48. Turbo ndogo ya kiwandani hapo imeshatoka kwenye eneo lake zuri, ufanisi unashuka kuelekea asilimia 60, na hewa inatoka ikiwa na nyuzi 180. Intakula iliyokaa juu ya injini, ambayo kwa nusu saa imekuwa ikichemka pamoja nayo, ikifanikiwa kutoa nusu tu ya joto hilo, hewa inaingia kwenye silinda ikiwa na nyuzi 105. Piga hesabu ya uzito wa hewa inayoingia: umeongeza presha kwa zaidi ya asilimia 40 na umepata hewa zaidi kwa asilimia 8 tu, tena bila kuhesabu presha inayopotea njiani. Hewa yenyewe ni ya moto kwa nyuzi 46 zaidi. Petroli haivumilii joto hilo. Inajiwakia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, pistoni inapigwa kwa kishindo, na mtaro wa ringi unakatika. Asilimia 8 uliyoipata inaliwa yote pale unapolazimika kurudisha nyuma taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) ili injini isigonge. Ndiyo maana unaliona gari ni zito.

Rudi 0.9, au hata 0.85, na ubaki hapo mpaka mengine yote yakamilike.

Sasa 935. Ili uielewe lazima ujue kanuni iliyoizaa, kwa sababu ukubwa wa injini yake ulitoka kwenye kanuni moja kwa moja. Waandaaji wa mashindano waliamua kwamba injini ya turbo ihesabiwe kama ni kubwa kwa mara 1.4. Mwaka 1974 Porsche walitengeneza Carrera RSR Turbo ya cc 2,142, kwa sababu 2,142 mara 1.4 inakaa chini kidogo ya kikomo cha lita 3. Gari hilo, lililotokana na 911 ya kawaida, likashika nafasi ya pili Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa, mwaka huohuo nyuma ya gari la Matra. Mwaka 1976 zikaja kanuni za Kundi la 5, yaani magari ya mashindano yaliyotokana na ya barabarani, ambapo kila daraja la ukubwa lilikuwa na uzito wake wa chini. Kwa 935, nayo iliyozaliwa na 911, walichagua cc 2,857: mara 1.4 unapata lita 4 kasoro kidogo, na uzito wa chini wa daraja hilo ulikuwa kilo 970. Gari lenyewe walilipunguza hadi karibu kilo 900, halafu wakarudisha kilo 70 za risasi pale walipotaka wao, ili mizani ya mbele na nyuma ikae sawa. Kwa gari lenye injini iliyoning'inia nyuma ya ekseli, kilo 70 za kuweka upendapo ni silaha.

Hilo la uzito nalisisitiza kwa sababu ni la bei rahisi. Gari jepesi linafika kasi ileile kwa moto mdogo. Ondoa viti vya nyuma, zulia, lami ya kuzuia kelele iliyobandikwa sakafuni, spika na mbao za buti. Kila kilo inayotoka inapunguza mzigo wa injini, breki na giaboksi kwa pamoja.

Injini ya 935 ya mwaka 1976 ilitoa farasi 590 hivi kwa presha ya karibu 1.4. Ukandamizaji wa pistoni ulikuwa 6.5 kwa 1, mdogo kuliko wa gari lolote la kawaida barabarani leo, na ulichaguliwa hivyo ili pabaki nafasi ya kuvumilia hewa ya turbo. EJ20 nyingi za turbo ni karibu 8 kwa 1. Linganisha: wao kwa 6.5, na petroli ya mashindano, walikimbia 1.4. Wewe kwa 8, petroli ya kituo cha mafuta, na turbo ya kiwandani, ulitaka 1.3. Impreza nyingi za soko la Japani zilipangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo sheria ya viwango yao inataka iwe na okteni (kipimo cha petroli kuvumilia bila kugonga) 96 au zaidi. Angalia maandishi kwenye mfuniko wa tangi, halafu ulinganishe na unachonunua. Pengo hilo linalipwa kwa taimingi au kwa presha, hakuna njia ya tatu.

Intakula ya 935 ina mkasa wake, na una faida kwako. Walipoanza msimu wa 1976 intakula yao ilikuwa ya kupozwa kwa upepo, imekaa juu ya injini. Gari likashinda Mugello na Vallelunga, Italia. Kisha waamuzi wakasema kifuniko cha kawaida cha injini cha 911 lazima kiweze kufunga, na kwa intakula ile kilikuwa hakifungi. Porsche wakalazimika kubadili katikati ya msimu na kuweka intakula ndogo inayopozwa kwa maji, pamoja na rejeta zake mbele ya magurudumu ya nyuma. Ilitosha kanuni, lakini iliongeza uzito, pampu na mabomba, na kila kiungo cha maji ni mahali pengine pa kuvuja. Miaka mitatu baadaye timu ya ndugu wa Kremer wa Köln ilirudi kwenye intakula ya upepo kwenye toleo lao la 935 K3, na gari hilo likashinda Le Mans mwaka 1979, likiendeshwa na Klaus Ludwig na ndugu wawili Bill na Don Whittington. Kwa mbio za saa nyingi, mimi ningechagua upepo kuliko maji karibu kila mara. Mfumo wa maji unapendeza kwa mbio fupi kwa sababu maji yanachukua muda kupata moto. Yakishapata, yanataka rejeta yake na upepo wake, na umerudi palepale na uzito zaidi.

Kwa Impreza una njia mbili. Ukibaki na intakula ya juu, kazi yote iko kwenye mdomo wa boneti. Hewa ni mvivu, itapita pembeni kama pembeni kuna nafasi. Funga kila upenyo kati ya mdomo na intakula kwa sponji nene, isibaki hata nafasi ya kidole. Kisha hakikisha hewa ina pa kutokea chini na nyuma, kwa sababu hewa isiyo na pa kutoka haiingii. Ukihamishia intakula mbele ya rejeta, tengeneza kasha la bati jembamba la alumini kutoka kwenye bampa hadi kwenye kingo za intakula. Mdomo wa kuingilia unatosha ukiwa robo hadi theluthi ya eneo la uso wa intakula, kasha likipanuka taratibu kuelekea ndani. Mafundi wengi wanaacha intakula inaelea mbele bila kasha na wanashangaa haipozi, na rejeta nyuma yake inakosa upepo juu ya hayo. Funga sensa ya joto kwenye bomba baada ya intakula. Lengo lako, katika mzigo mzito wa muda mrefu, ni hewa isiyozidi nyuzi 60 siku ya joto la Oktoba. Ikipita 45, kompyuta irudishe taimingi digrii 1 kwa kila nyuzi 10.

Tuingie kwenye silinda. Pistoni yako ya nne ichunguze kabla ya kuitupa. Kama juu ina vidoa vidogo vya kijivu kama imenyunyiziwa mchanga na mtaro wa juu wa ringi umekatika kipande, ni kugonga. Kama mtaro umenyanyuka na ncha za ringi zinang'aa kwa kugusana, ringi ilikosa nafasi: ilipopata joto ikarefuka, ncha zikakutana, ikakaza kwenye ukuta wa silinda na kung'oa mtaro. Hili la pili linasahaulika sana. Nafasi ya ncha za ringi ya kiwandani ni kwa matumizi ya kawaida. Kwa kipenyo cha mm 92 na kazi ya turbo ya muda mrefu, ringi ya juu iachiwe kati ya mm 0.46 na 0.55, ipimwe ndani ya silinda yenyewe kwa filagheji, ringi ikiwa imesukumwa kwa pistoni ili ikae sawasawa. Ukinunua pistoni za kufuliwa badala ya zile za kumimina, fuata nafasi ya ukutani iliyoandikwa na mtengenezaji kwenye karatasi yake. Zinatanuka zaidi, na kelele kidogo asubuhi kabla injini haijapata moto ni kawaida kwake.

Hata Porsche waliumizwa na pistoni. Mwaka 1977, kwenye Le Mans, gari lao la 936 lenye injini ya turbo ya jamii hiyohiyo lilikuwa likiongoza ikiwa imebaki chini ya saa moja, pistoni ikaharibika. Walikata petroli na moto kwenye silinda hiyo moja, wakasubiri pembeni, kisha Jürgen Barth akaenda mizunguko miwili ya mwisho kwa silinda tano kati ya sita na kushinda. Iliwezekana kwa sababu walikuwa na uongozi wa mizunguko mingi.

Kwenye mchanganyiko, petroli ni kipozeo pia. Kwa presha kamili pima uwiano wa hewa sehemu 11 hadi 11.5 kwa petroli sehemu 1, kwa kipimo cha lambda chenye wigo mpana, maana sensa ya kiwandani ya kawaida haisomi huko. Uwiano ukianza kupanda kuelekea 12 wakati mzunguko wa injini unaongezeka, pampu ya petroli au injekta zimefika mwisho, na kuendelea kukanyaga ni kununua pistoni nyingine. Injekta zote nne zipimwe kwa ujazo. Moja ikitoa kidogo kuliko wenzake, silinda yake ndiyo itakayokufa huku kipimo cha jumla kikionyesha mambo ni shwari. Plagi ziwe baridi zaidi kwa hatua moja (kwa NGK namba ikipanda plagi ni baridi zaidi), nafasi mm 0.7. Na ili usikie kugonga mapema, chukua kipande cha bomba la shaba, ponda ncha moja, toboa, kifunge kwa bolti kwenye bloku, ncha ya pili unganisha hozi hadi kwenye vizuia kelele vya masikio. Kifaa hicho kinagharimu kidogo na kinasikia kabla ya sikio tupu.

Pia angalia mvuke wa oili unaorudi kwenye bomba la hewa. Oili ikichanganyika na petroli inashusha okteni. Weka kopo la kunasia mvuke huo na ulimwage kila baada ya mazoezi.

Gasketi ya hedi iliwasumbua sana wa 935, hasa presha ilipopanda mwaka 1977 walipoweka turbo mbili ndogo badala ya moja kubwa ili injini iitike haraka mguu ukikanyaga. Ufumbuzi wa mwaka 1978 ulikuwa wa kibabe: kwenye 935/78, ile iliyoitwa Moby Dick, cc 3,211, waliweka hedi za valvu nne kwa kila silinda zinazopozwa kwa maji, silinda zenyewe zikabaki za kupozwa kwa hewa, na hedi zikachomelewa moja kwa moja kwenye silinda. Hakuna gasketi, hakuna kuvuja. Farasi zikafika 750 kwa presha ya mbio na kuvuka 800 ikiongezwa, na Le Mans gari lilipimwa kilomita 366 kwa saa kwenye mnyoosho. Lakini lilimaliza la nane, na unywaji wa mafuta ulikuwa sehemu ya tatizo. Gari la haraka kuliko yote halikuwa gari la kushinda saa 24. Wewe tumia gasketi ya chuma ya tabaka kadhaa, uso wa hedi na bloku usipotoke zaidi ya mm 0.05, na bolti zikazwe kwa hatua na mpangilio wa kitabu, oili kidogo kwenye nyuzi.

Maji. Hapa Tabora yana jambo lake. Kwa mwinuko huo maji ya wazi yanachemka karibu nyuzi 96, na injini yako inafanya kazi kwenye 90 na ushee. Kinachokuokoa ni mfuniko wa presha: ukishika baa 1.1, maji hayachemki mpaka karibu 120. Mfuniko uliochoka, ambao fundi anaupuuza kwa sababu unaonekana mzima, unakurudisha kwenye 96, na mapovu yanaanza ndani ya hedi, mahali ambapo geji haioni. Pima mfuniko kwa pampu ya kupimia, au weka mpya. Subaru za turbo nyingi zina mifuniko miwili, mmoja kwenye tangi dogo la juu karibu na intakula na mwingine kwenye rejeta, na presha zake hazifanani, kwa hiyo usibadilishane nafasi. Jaza maji yaliyotoneshwa pamoja na kulanti (dawa ya rejeta) nusu kwa nusu. Maji ya kisima, na hasa ukijazia njiani kule Uvinza kwenye chumvi, yanaacha magamba ndani ya rejeta.

Upande wa eksozi, fungia kipimo cha joto cha aina ya K kwenye manifoldi, sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye hedi. Kwa kukimbia mfululizo usivuke nyuzi 900. Modeli zingine za Impreza zina katalisti (kisafisha moshi) kabla ya turbo. Ikichakaa inamomonyoka na vipande vinaingia kwenye mapanga ya turbo. Ukiikuta, weka bomba lisilo nayo. Chunguza manifoldi kwa nyufa kila baada ya mbio, kwa sababu ufa mdogo unafanya turbo ichelewe na wewe utadhani wesigeti (valvu inayodhibiti presha ya turbo) imeharibika.

Oili ndiyo damu ya turbo, na kwenye 935 ilikuwa kipozeo kikubwa pia. Walikuwa na tangi la oili la nje na pampu ya kunyonya kutoka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), kwa hiyo gari likipinda kwa nguvu oili haikimbii pampu. EJ20 ina sampu ya kawaida. Weka vizuizi vya bati ndani ya sampu, chunguza bomba la kunyonyea kama lina ufa kwenye uchomeleaji, na ongeza rejeta ya oili yenye themostati. Joto la oili lilenge 100 hadi 120, na likigonga 130 punguza mwendo. Tumia oili sintetiki kamili, 5W-40 au 10W-50, ibadilishe baada ya kila mashindano, ukate chujio ufungue na kuangalia chembe zinazong'aa. Kwenye injini za miaka ya 2000 kuna kichujio kidogo cha waya ndani ya bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo. Kikiziba, turbo inakauka na kufa huku geji ya presha ya oili ikionyesha ni nzima. Kitoe, kisafishe au ukibadili. Ukisimama baada ya kukimbia, acha injini izunguke taratibu dakika mbili kabla ya kuzima.

Vumbi la barabara zenu linastahili sentensi chache. Paka grisi nyembamba ndani ya bomba la hewa, baada ya chujio. Baada ya mazoezi pitisha kidole. Ukikuta mchanga, chujio au klipu inapitisha, na mapanga ya turbo yanasagwa taratibu.

Giaboksi: 935 ilitumia gia nne tu, nene, kwa sababu nguvu ya turbo ilikuwa kubwa kuliko uvumilivu wa gia tano. Giaboksi ya gia tano ya Impreza ni dhaifu, hasa kwa kuondoka kwa kishindo. Hata Jacky Ickx aliunguza klachi ya 935 kwenye mstari wa kuanzia, Silverstone, Uingereza, mwaka 1976, na mbio zikawapotea. Mwambie dereva wako aondoke polepole.

Mikanda nayo. Kwenye ushindi ule wa 1979, mkanda unaoendesha pampu ya petroli ya K3 ulikatika Don Whittington akiwa mbali na wenzake. Alijitengenezea njia kwa mkanda wa alternata akarudi, wakapoteza muda mwingi lakini uongozi wao ulibeba. Badili mkanda wa taimingi, roli zake na pampu ya maji kwa pamoja kabla ya msimu, na ndani ya gari uwe na mikanda ya nje, hozi za turbo, klipu na funguo zake.

Kisha kipimo cha mwisho. Mkulima wa tumbaku wa Urambo halali usingizi wakati bani (banda la kukaushia tumbaku) linakausha, anaamka kuangalia kipimajoto, na wewe fanya hivyo kwa gari. Tafuta eneo lililofungwa kwa ruhusa, si barabara ya umma, au mashine ya kupimia nguvu yenye feni kubwa. Endesha kwa mwendo wa mbio, msaidizi aandike kila dakika tano joto la hewa baada ya intakula, maji, oili na eksozi. Namba zitapanda, na zinatakiwa zifike mahali zisimame. Zikisimama kabla ya dakika 20 na kukaa hapo hadi dakika 40, gari liko tayari kwa presha hiyo. Kama yoyote bado inapanda kwenye dakika ya 25, usiendelee: hiyo ndiyo sehemu ya kushughulikia, na hakuna haja ya kugusa nyingine. Ukifaulu, ongeza presha kwa 0.05 na rudia kipimo chote kuanzia sifuri. Kama mashindano yatashuka hadi Kigoma, ziwani ni karibu mita 775 na hewa ni nzito kidogo, baa 0.92 hivi. Wesigeti ya spring tupu itapeleka hewa zaidi kwenye silinda kwa presha ileile ya geji, kwa hiyo angalia tena uwiano wa petroli ukifika huko kabla ya kukanyaga. Kwa turbo ya kiwandani na petroli ya kituo, sitarajii uvuke 1.0, na kwa mashindano ya saa sita ningelipeleka gari likiwa na 0.9.